Kisigino cha Bwana Fulani

Sehemu ya Kumi na Mbili

Wiki nzima nimekutana na watu wanaonidai Gethin. Muuza nyama ameninyima mifupa ya mbwa wangu mpaka nimwambie kijana alifanya nini pale chini. Basi tusicheleweshane.

Tulimwacha Gethin Prosser amelala kifudifudi kwenye tope la uwanja wa Cwmhelyg, mpira kifuani, jitu moja la timu ya wageni limemkalia mgongoni, na jukwaa zima likiimba wimbo wa kanisani kama tunavyoimba tukiwa tunaongoza.

Alichofanya ni hiki. Alisimama.

Alisimama na mpira wake, akauweka chini mbele ya miguu kama mtu anayetua yai, akaugusa kwa kisigino na kuuviringisha nyuma.

Wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Sauti za besi ndizo zilizonyamaza mwisho, kama kawaida yao.

Kama umeanza kusoma leo, usiogope, hujapitwa na mengi zaidi ya dhambi. Katika raga yetu ya watu kumi na watano, ile inayochezwa kwa mapenzi na majeraha, ukiangushwa unauachia mpira papo hapo. Ni kwenye ile raga nyingine, ya watu kumi na watatu, ya kaskazini, ya mshahara, ndiko mtu huinuka na mpira wake na kuurudisha kwa kisigino. Mtu wa bondeni kwetu akiicheza ile hata mara moja, hata bure, anafungiwa hii yetu maisha yake yote. Hana jezi, hana kiti kwenye kamati, na bia ya klabu hainywi hata siku ya matanga ya baba yake.

Gethin alikuwa ameicheza mara tatu. Alikwenda Aldersyke, klabu ya kaskazini, kwa siri, kichwa kimezungushiwa bandeji hadi kwenye nyusi, na kwenye orodha ya wachezaji wakamwandika Bwana Fulani. Kabla ya hapo alikuwa amefanya mazoezi kwa miezi mingi nyuma ya banda la njiwa la baba yake, mkewe Tegwen amesimama nyuma yake kuupokea mpira. Mguu ukajifunza vizuri kuliko mwenyewe alivyojua. Leo uliamua kuonyesha elimu yake.

Tena leo, kati ya siku zote. Jukwaani alikuwa amekaa Bwana Ivor Treharne, mmoja wa Wale Watano wanaochagua timu ya taifa, amekuja kumtazama yeye tu. Nyuma ya goli alisimama yule muuza brashi wa kofia ya kahawia, ambaye mimi na wewe tunajua hajawahi kuuza brashi hata moja. Jina lake Clegg, ametumwa na Aldersyke, na anataka jibu kabla ya treni ya jioni.

Gethin alitaka mambo mawili, kwa mpangilio. Kwanza avae jezi nyekundu ya taifa, mara moja tu, wakati baba yake bado ana pumzi ya kuishuhudia, maana vumbi la mgodi limemwachia mzee nusu ya pafu. Kisha aende kaskazini, asiingie tena chini ya ardhi. Ukianza na la pili, la kwanza halipo tena duniani.

Refa alipuliza filimbi. "Kung'ang'ania mpira," alisema, akiwa anatazama viatu vyake mwenyewe.

Unajua kwa nini aliangalia viatu? Kwa sababu aliitambua ile. Kila mtu aliitambua. Shida ni kwamba ukisema umeitambua, umesema pia kwamba timu yetu ikicheza ugenini wewe hufunga mapazia sebuleni na kuitazama raga ya kaskazini kwenye televisheni. Kwa hiyo watu elfu tatu walisimama pale wakijifanya vipofu.

Haydn Tanuri, namba moja wetu, mtu mwenye shingo pana kuliko kichwa, alimsogelea Gethin wakati wa kujipanga.

"Kijana, umepata kichaa au una mpango?"

"Niliteleza."

"Uliteleza kwenda juu?"

"Tope, Haydn."

"Mimi nimeanguka kwenye tope hili miaka kumi na tano. Halijawahi kuniinua hata siku moja."

Namba tisa wa wageni naye akapita karibu, anatabasamu kwa pengo. "Kaskazini kuna baridi, mrembo. Mama yangu anafuma soksi, nikuwekee pea ngapi?"

Wakati wa mapumziko timu hubaki uwanjani na sahani ya machungwa huzungushwa. Sahani ilimfikia kila mtu. Kwa Gethin ikaruka, ikatua kwa jirani yake, wala hakuna aliyeonekana kuirusha. Haydn alitoa kipande kinywani mwake na kumpa.

"Kimetafunwa kidogo," alisema.

Kipindi cha pili Gethin alicheza kama mtu anayekimbizwa na nyumba inayoungua. Aliwapita watatu, akaugusisha mpira chini kwa trai katikati ya milingoti ya goli, kisha dakika za mwisho akaudondosha mpira na kuupiga teke kutoka mbali, ukapita kati ya milingoti. Tukashinda. Siku nyingine angebebwa mabegani. Leo watu walipiga makofi kama wanavyokohoa kanisani, mmoja huku, mmoja kule, kila mtu akiomba asisikike.

Alipotazama nyuma ya goli, kofia ya kahawia haikuwepo. Alipomtafuta Tegwen pale anaposimama siku zote, karibu na kibanda cha chai, naye hakuwepo.

*

Klabu yetu ina bafu moja. Ni shimo la saruji lenye vigae, timu nzima inaingia kwa pamoja, na baada ya dakika tano maji yanafanana na mchuzi. Juu ya dari yake ndiko iliko baa. Kidirisha chake kimoja, juu ukutani, kilivunjwa na mpira zamani sana, kikazibwa kwa kipande cha mbao.

Siku zote bafu lile ni kelele tupu. Leo watu kumi na wanne walijisugua kimya, na wa kumi na tano alikuwa na upande mzima wa bafu peke yake, kana kwamba ana ukurutu.

"Nipe sabuni," alisema Gethin.

Sabuni ilikuja ikielea. Hakuna aliyeishika kumpa.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mtu mwenye koti refu jeusi na tai ya klabu. Huyu ni Meurig Howells, katibu wa klabu kwa miaka mingi kuliko umri wa wachezaji, shemasi, na ndiye baba yake Tegwen. Watu humwita Meurig Kufuli. Mwenyewe ndiye aliyemfungia nje rafiki yake wa utoto alipokwenda kaskazini, akakataa hata kumpa mkono msibani. Nyuma yake aliingia Bwana Treharne na kiko chake.

"Wote nje," alisema Meurig. "Isipokuwa mkwe wangu."

"Nina povu masikioni, Bwana Katibu," alisema Haydn.

"Litakauka."

Wakatoka wakichuruzika maji. Haydn alipompita Gethin alimgonga begani kwa ngumi, na kwetu hiyo inaweza kuwa pole au kwaheri. Meurig akafunga mlango kwa komeo. Akachukua taulo la Gethin kwenye msumari, akalikunja vizuri, akaliweka kwapani mwake.

Hapo Gethin akaelewa amekaaje. Mtu aliyevaa nguo anaweza kukasirika na kuondoka. Mtu aliye uchi kwenye maji ya matope, mbele ya baba mkwe wake na mmoja wa Wale Watano, anabaki alipo.

"Mkwe," alisema Meurig. "Leo uwanjani ulifanya nini?"

"Niliteleza, baba."

"Bwana Treharne hapa amesafiri asubuhi nzima kuja kukuona ukiteleza?"

"Mimi bahati mbaya sikuona," alisema Treharne kwa upole, akakaa kwenye benchi. "Nilikuwa nawasha kiko. Niliona watu wamenyamaza tu, nikadhani kuna mtu kafa."

Gethin aliona mlango mdogo wa matumaini. Akauingia mbiombio. "Si kitu, mheshimiwa. Niliinuka haraka, mpira ukanigonga mguuni. Kila mtu anaweza."

"Mpira ukakugonga mguuni," alirudia Meurig.

"Ndiyo, baba."

"Wewe unakula mezani kwangu kila Jumapili. Unakaa benchi langu kanisani. Nimekupa binti yangu. Halafu unanifanya mjinga ukiwa uchi."

"Maji yanapoa, baba. Nipe taulo tuzungumze vizuri."

"Yatapoa zaidi."

Treharne alivuta moshi. "Bwana Howells, mimi ni mtu wa haki. Siwezi kumfungia kijana kwa jambo ambalo sikuliona. Nieleze. Ilikuwaje hasa?"

"Alisimama nao."

"Watu husimama."

"Akauweka chini."

"Labda ulimponyoka."

"Haukumponyoka, mheshimiwa. Aliurudisha. Hivi."

Meurig aliokota jezi moja yenye tope sakafuni. Akaibana mpaka ikawa kama mpira, akainama, akaiweka chini. Macho yake hayakutazama jezi. Yalitazama mbele, kwa adui asiyekuwepo. Bega likashuka kidogo. Kisigino cha kushoto kikapita juu yake kwa wepesi ambao hungeutegemea kwa shemasi mwenye koti refu, na jezi ikaviringika moja kwa moja hadi kwenye viatu vya Treharne.

Bomba lilidondosha tone.

Gethin alilitazama lile koti, kisha ile jezi, kisha lile koti tena. Yeye alikuwa amefanya mazoezi miezi mingi nyuma ya banda la njiwa na hakuwahi kuifanya vizuri vile. Huwezi kujifunza ile kwa kutazama televisheni. Ile huingia mwilini kwa kupigwa.

Meurig naye alijitazama mguu, kama mtu aliyesikia mguu wake unataja jina.

Sasa hebu jiweke kwenye maji yale. Ukisema, "Baba, umejifunzia wapi?" umepona. Kamati nzima itamgeukia mzee, na wewe utatoka bafuni na jezi nyekundu. Lakini utakuwa umemvua mtu yule klabu, kanisa na jina, machoni pa binti yake. Ukinyamaza, umekwisha wewe, na mzee wako mwenye nusu pafu ataisikiliza mechi ya taifa redioni ikitaja majina ya watu wengine.

Gethin alifungua mdomo. Akaufunga. Kisha akasema, "Mheshimiwa, ni kweli. Ni mimi niliye..."

"Nyamaza," alisema Treharne.

"Nataka kusema ukweli."

"Ndiyo maana nakwambia unyamaze. Sikukuuliza." Aliiokota jezi pale miguuni mwake, akaipangusa tope kwa kidole. "Bwana Howells. Bado unatumia kisigino cha kushoto."

Rangi ilimtoka Meurig kuanzia shingoni kwenda juu. "Sielewi, mheshimiwa."

"Aldersyke. Kulikuwa na ukungu. Tulivaa kila mtu pembe yake, hakuna aliyemtazama mwenzake usoni, ndivyo adabu ilivyokuwa. Kwenye orodha walikuwepo Fulani wawili. Wewe ulikuwa Fulani. Mimi nilikuwa Fulani Mwingine."

"Hapana."

"Hukuniona kwa sababu ulinipa mgongo mchana kutwa. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma yako nasubiri mpira. Kisigino kile nimekitazama kuliko nilivyowahi kumtazama mke wangu."

Meurig alikaa. Alikaa ukingoni mwa bafu na koti lake likaingia majini, asijue.

"Mama yake Tegwen alikataa kuhama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Nilikuwa nimefunga mizigo. Akakaa juu ya sanduku, hakuinuka hadi treni ikapita. Na wewe?"

"Mimi hawakunitaka."

"Hawakukutaka?"

"Walisema naanguka kabla ya kuguswa."

Gethin alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu, kikagonga vigae na kurudi. Wazee wawili waligeuka na kumtazama, naye akaona kwamba hakupaswa kabisa kuwapo duniani wakati maneno yale yanasemwa.

"Basi yamekwisha," alisema haraka. "Sote tuko sawa. Mimi sikusikia kitu. Nivae jezi mara moja tu baba yangu anione, kisha niende zangu kaskazini, na majina yenu nitazikwa nayo."

"Jezi utavaa," alisema Treharne. "Nitawaambia wenzangu kwamba kile kilikuwa mzaha wa kijana. Tutacheka. Utacheza Jumamosi ijayo, na nyingine, na nyingine. Lakini kaskazini huendi."

"Mheshimiwa..."

"Ukienda, watu watauliza nani aliyemchagua. Watauliza mkwewe alikuwa nani. Wataanza kuchimba, na hapa kwetu kuchimba ndiyo kazi ya kila mtu. Kwa hiyo utabaki hapa. Utacheza hapa, utashuka mgodini hapa, utazeeka hapa kwenye kamati hii ukiwa na tai kama ya mkweo."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mimi na yeye tufe. Na sisi kwetu tunaishi sana."

Gethin alimgeukia Meurig. Alitegemea nini, sijui. "Baba. Wewe ulifunga mizigo."

"Ndiyo, mwanangu."

"Unajua ninavyojisikia."

"Najua." Mzee alilikunjua taulo. "Na nimelala nalo hilo miaka yote, na nimeamka kila siku, nikafungua klabu. Inawezekana. Njoo utoke, utapata homa."

Akalitandaza taulo kwa mikono yote miwili, kama unavyomfanyia mtoto. Lilikuwa taulo jeupe, kavu, la nyumbani. Gethin alilitazama na hakuinuka, kwa sababu alijua akilichukua atakuwa amekubali.

Fikiri. Jezi nyekundu, aliyoililia tangu ana miaka saba, iko pale, mkononi. Hakuna anayemnyang'anya kitu. Wanampa tu, na kufunga mlango nyuma yake.

Maji yalikuwa yamekuwa baridi kabisa. Aliinuka nusu. Akanyoosha mkono.

Kipande cha mbao pale kidirishani kikasogea.

"Gethin?" Ilikuwa sauti ya Tegwen, ya kunong'ona, kutoka nje. "Uko peke yako? Wenzako wote nimewaona wametoka."

Treharne aliweka kidole midomoni. Meurig aliganda na taulo lake.

"Tegwen, nenda nyumbani," alisema Gethin.

"Nisikilize kwanza, sina muda, nimesimama juu ya kreti la bia. Nilikuona. Ulipoweka kisigino tu nikajua hapa umekwisha. Baba atakufungia yeye mwenyewe kabla ya chai, unamjua alivyo, hajawahi kukosea hata siku moja maishani mwake."

Meurig alifumba macho.

"Tegwen, tafadhali."

"Nikaona kama ni kufungiwa, tufungiwe tukiwa na pa kwenda. Nimemfuata Bwana Clegg. Nimemwambia ndiyo."

"Umemwambia nini?"

"Ndiyo. Saini utaweka stesheni kabla ya treni. Anasema tutangaze leo leo, kabla kamati haijakaa, ili ionekane tumeondoka wenyewe na hatukufukuzwa. Kaenda kuwapigia simu watu wa magazeti." Kreti lililia chini ya miguu yake. "Mbona husemi kitu? Nilidhani utafurahi."

"Kaenda kupiga simu wapi, Tegwen?"

"Kwani simu ziko ngapi hapa Cwmhelyg?"

Taulo lilimponyoka Meurig. Lilitua juu ya maji, likakaa kidogo likielea, likaanza kuzama.

Wanaume watatu waliinua nyuso kutazama dari. Juu ya vichwa vyao, kwenye sakafu ya baa, viatu vya mtu vilitembea bila haraka kutoka dirishani hadi kwenye kona ya simu. Vikasimama. Kisha wakasikia, namba moja baada ya nyingine, mlio wa simu ikizungushwa.